Majivu ya Msiba na Ramani Yako ya Taka

Tabora, Jumapili, baada ya ibada

Mwanangu Elia,

Misheni walitufundisha kwamba barua huanza na "mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali." Sasa wewe mbali hujafika. Uko Ipuli kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hakuachii mpaka umalize sufuria nzima ya ugali na utoke na mfuko wa karanga. Mama yako yuko hapa ukumbini anapiga pasi mashati yako na kuulaumu mkaa. Na mimi mzima siyo sana. Kwa hiyo salamu hizo tuziache.

Habari za chandarua, za kwinini, za kulala umeukumbatia mkoba wako ndani ya gari moshi, sitaziandika. Mama yako amekwisha kuzisema mara tatu, na kesho stesheni atazisema mara ya nne mbele za watu. Wewe itikia tu, "Ndiyo, mama." Utafika Kigoma, utaonyeshwa ofisi, utapewa kofia, utazoea. Mimi nina jambo moja tu, nimelikwepa miaka kumi na miwili. Linamhusu mdogo wako Rebeka. Nikikuacha upande gari kesho bila kulijua, utakwenda ukalirudia kwa watoto wa watu, na lawama itakuwa yangu mara mbili.

Nianze na jana. Ulitandaza karatasi yako juu ya meza hii ninayoandikia, ukaniita, "Baba, njoo uone mpango wangu wa taka za Kigoma." Nikaja, nikavaa miwani. Ee, mwanangu, una mkono mzuri! Barabara umezichora kwa wino mweusi, mashimo ya taka kwa mwekundu, njia za mikokoteni kwa buluu, na kila mshale unajua unakokwenda. Kisha ukaigeuza karatasi, na nyuma yake umeandika sheria zako. Lundo la taka lisikae nje ya nyumba zaidi ya siku mbili. Atakayeliacha atatozwa faini. Likibaki, wafagiaji wataliondoa wao wenyewe, bila kumbagua mtu. Nikasema, "Vizuri." Nikainuka, nikaenda kuangalia kuku.

Niliuona uso wako. Ulitaka baba yako, aliyekuwa mnyapara wa taka wa mji huu, aseme walau maneno kumi. Baadaye nikakusikia dirishani ukimwambia mama yako, "Baba ananionea wivu." Lo! Wivu? Labda kijiko kimoja, maana mwandiko wangu mimi ni wa kuku kuparua. Lakini sikuinuka kwa wivu. Yale maneno, "siku mbili" na "bila kumbagua mtu," niliwahi kuyaandika mimi. Nikaona heri niyakumbuke bandani kuliko mbele yako.

Sikiliza basi, na usinikatize, ingawa najua hata kwenye barua utajaribu.

Nilikuja mjini kutoka Sikonge nikiwa kijana kama wewe. Babu yako, unajua, alikuwa mpagazi. Aliitembea kwa miguu njia hiyo utakayoipita kesho umekaa kwenye benchi, na mzigo begani mpaka Ujiji. Yeye alitaka nibaki nirine asali na kulima tumbaku. Mimi nilitaka viatu. Kazi niliyoipata ilikuwa ya kufagia soko, bila viatu. Lakini nilijua kusoma na kuandika, na siku moja Bwana Afya, yule Mzungu mrefu wa pikipiki, alinikuta nimeandika kwa mkaa ubaoni ni madebe mangapi ya taka yametoka upande wa samaki wakavu na mangapi upande wa nafaka. Akacheka, akanipa daftari. Baada ya mwaka akanipa kofia ya unyapara. Baadaye, askari wetu walipokuwa wanarudi kutoka Burma na mji ukafurika watu, akaniambia: "Zakaria, nataka mpango. Mikokoteni mingapi, mashimo wapi, sheria gani."

Usiombe uone mtu aliyejisikia kama mimi siku ile. Nilitembea mtaa kwa mtaa majuma mengi. Nilipima malundo kwa debe, nikayaandika. Majivu, maganda ya karanga, machicha ya pombe, samadi, majani, mifupa, vitambaa. Nilijua kila lundo lilipo kuliko mwenye nyumba. Ila sikubisha hodi hata mlango mmoja kuuliza, "Mama, hili lundo ni la nini?" Niliona lundo ni lundo. Kuuliza si ujinga, lakini mtu akishavaa kofia huanza kuona ni ujinga.

Mpango ulikubaliwa, na mwanzoni ulifanya kazi vizuri, sikudanganyi. Soko likaacha kunuka. Nzi wakapungua mpaka wauza nyama wakanisifu, na unajua wauza nyama hawamsifu mtu. Nilipita mitaani na fimbo yangu, watoto wananipigia saluti. Wewe ulikuwa na miaka saba. Ulikuwa unanifuata nyuma umebeba daftari langu kichwani. Rebeka alikuwa na minne, naye alikuwa analilia kubeba kalamu.

Kisha Mzee Kasanda akafa. Humkumbuki sana, nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, fundi wa matofali, mpole, anakohoa. Alimwacha mjane wake, Mama Nyamizi. Mtaa mzima ukahamia pale. Watu wakaja kutoka Puge, wakaja kutoka Sikonge, moto ukawashwa nje, watu wakalala kuuzunguka. Na kwetu unajua: majivu ya moto wa msiba, majani waliyolia chakula waombolezaji, mifupa, vyote huachwa palepale mpaka siku ya kuondoa matanga. Siku hiyo huja mtani wa marehemu, akafagia huku anawatukana wafiwa mpaka wenye machozi wanacheka, na uchafu ule ukishatoka ndipo msiba nao umetoka. Mtu akifagia kabla, amewafukuza waombolezaji, na amemfukuza marehemu mwenyewe hajamaliza kuaga.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma, Elia. Angekosea Mzungu, tungesema hakujua. Mimi Mnyamwezi mtoto wa Mnyamwezi nilijua, na nilikuwa nimekaa kwenye moto ule usiku wa kwanza, nimekula kwenye majani yale.

Lakini siku ya tatu Bwana Afya akaniambia kuna mkubwa wake anakuja kutoka Dar es Salaam kukagua mpango wangu, Alhamisi, na atapita mtaa wetu kwa sababu ndio mtaa wa mnyapara. Alhamisi ilikuwa kesho yake. Nikatoka nje nikaliangalia lile lundo la Mama Nyamizi. Lilikuwa limefika kiunoni. Nikaona haya. Taka nimezizoea, hazinitii haya; haya niliyoiona ilikuwa ya sisi wenyewe, kwamba mgeni atatuangalia na kusema, "Hawa ndio watu wako, Zakaria?" Na hakuna aliyenilazimisha. Yule Bwana Afya hakuwa mtu mbaya. Ningemwambia, "Bwana, hapa pana msiba, tupite njia nyingine," angenielewa. Hata kwao watu hufa.

Nikamwita Hamisi, dereva wa mkokoteni wa ng'ombe. Unamkumbuka Hamisi, Mzigua, mtani wangu, aliyekuwa anakubandika juu ya ng'ombe. Nikamwambia alfajiri aende akaondoe lundo la pale msibani. Akafikiri natania. Akacheka, "Ama kweli ninyi Wanyamwezi mmebeba mizigo mpaka akili zimehamia mgongoni!" Nikamwambia sitanii. Akasema, "Mnyapara, mimi ni mtani, lakini si mtani wa Kasanda, na siku yenyewe haijafika. Usinitume huko." Nikamwambia sheria inasema siku mbili, bila kumbagua mtu. Mdomo wangu ulisema hivyo, kwa rafiki yangu. Akaenda na wafagiaji wawili, na watu waliolala pale wakaamka wakiwa wanakung'utiwa vumbi.

Mkaguzi alipita Alhamisi, akaangalia, akasema neno moja kwa Kiingereza, akaenda kula. Hakushuka hata garini.

Mchana ule Mama Nyamizi akaja hapa nyumbani. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, baba." Akauliza, "Majivu umeyapeleka wapi?"

"Shimoni, mama, kule nje ya mji."

"Pamoja na ya sokoni?"

"Ndiyo, mama. Yote huenda pamoja."

Akakaa chini kwenye baraza letu, hapo hapo, bila mkeka. Nilitegemea anitukane, ningetukanwa ningejitetea. Akasema tu, "Basi Kasanda yuko na vichwa vya samaki." Akainuka akaenda. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote. Mama yako, unamjua, haachi neno lilale njaa. Siku ile aligeuka akaingia ndani, akafunga mlango.

Tangu hapo mtaa wetu haukutoa taka. Mkokoteni wa Hamisi unapita, kengele inalia, milango imefungwa. Wakaanza kunong'onezana kwamba majivu yakishachanganywa shimoni, mwenye nia mbaya anaweza kuyachota akamroga mtu. Leo ya Kasanda, kesho ya nani? Kwa hiyo hawakuacha hata vumbi la kufagia liende mikononi mwetu. Lakini malundo nje ya nyumba nayo niliyapiga marufuku. Sasa taka zitakwenda wapi, Elia? Taka haziyeyuki. Wakawa wanazibeba kwenye ungo gizani, wanazitupa mtaroni nyuma ya nyumba, ule mtaro uliokuwa unapeleka maji ya mvua mbali na kisima.

Nikaziona. Na hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya pili, nikaipoteza. Mtu mwenye akili angekwenda kwa Mama Nyamizi akapiga magoti. Mimi nikaongeza faini. Nikaweka mlinzi. Walipomwona mlinzi, wakaanza kuzifukia mtaroni ili zisionekane, na juu yake wakaweka miiba. Mtaro ulionekana safi kabisa! Niliandika kwenye daftari, "Hali ya mtaa ni nzuri." Faini humfundisha mtu kuficha, na mimi nilikuwa mwalimu hodari.

Mama yako ameniuliza sasa hivi, "Umefika wapi?" Nimemwambia mtaroni. Amesema, "Usiruke." Basi siruki.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Mtaro ulikuwa umeziba, maji yakapanda, yakakosa pa kwenda, yakaingia kisimani. Kisima kile ndicho tulichokuwa tunakunywa sisi sote. Juma lile mtaa mzima uliharisha. Ulilala wewe, ukabaki macho na mbavu. Mama yako alikuwa anakunywesha uji kwa kijiko, na mimi nakushika kichwa. Ukaamka. Watoto wawili wa nyumba za nyuma hawakuamka. Na Rebeka akaharisha damu siku tatu, na siku ya nne, wakati wa saa nne asubuhi, akaniomba kalamu. Nikampa. Akaishika. Akafa ameishika.

Uliambiwa ni tumbo. Ni kweli lilikuwa tumbo. Lakini hukuambiwa maji yaliharibikaje, na mtaro uliziba kwa nini, na nani aliyewafanya watu wafiche taka zao kama wezi. Nilikuwa mimi. Hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Nimeandika, na mkono haukukatika.

Kuna lingine nililolifanya ambalo ni baya zaidi, maana lile la kwanza nilikosea, hili nilikusudia. Bwana Afya alitaka taarifa: ugonjwa umetoka wapi? Nikakaa, siku mbili baada ya kumzika mwanangu, nikaandika, "Wakazi wa mtaa huu hawajazoea usafi." Nikatia sahihi. Mficha maradhi, kilio kitamwumbua. Kilio kilikuwa nyumbani kwangu tayari, na bado nikaficha.

Sasa ujue kilichotokea kwenye msiba wetu. Watu walikuja, wachache. Walikaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Moto ukawashwa hapo nje, majivu yakajikusanya, majani, mabakuli yaliyovunjika. Siku ya tatu asubuhi nikasikia kengele ya mkokoteni. Hamisi alikuwa ameugua naye, kwa hiyo waliokuja walikuwa wafagiaji wapya, wageni, wameambiwa sheria ni siku mbili bila kumbagua mtu. Ni mimi niliyewafundisha. Wakashuka na sepetu zao wakalielekea lundo la mwanangu. Elia, nilitaka kupiga kelele wasiliguse. Ningesema nini? Kwamba sheria yangu ni ya watu wengine?

Mama Nyamizi akatoka kwenye kundi la wanawake. Akaenda akakaa juu ya yale majivu. Akakaa na khanga yake nyeusi ya ujane, miguu ameinyoosha. Mfagiaji akamwambia, "Mama, ondoka, amri ya mnyapara." Akamjibu, "Mnyapara leo ni mfiwa. Hapa pana msiba. Rudisha ng'ombe wako." Wakaniangalia. Nikatikisa kichwa, wakaondoka. Yule mama alikaa pale mpaka jua la mchana, na kesho yake akakaa tena, mpaka mtani wetu alipokuja kufagia kwa siku yake.

Nililia siku ile kuliko siku ya kaburi. Mama yako alikuwa anajua yote, si mjinga. Mwezi mzima alinipakulia chakula bila kunisemesha. Siku aliyofungua mdomo alisema, "Elia akikua utamwambia wewe. Mimi sitakusaidia." Ameitimiza ahadi yake, miaka yote hii.

Baada ya matanga nikaenda kwa Mama Nyamizi. Sikuvaa kofia. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, nikayasahau yote mlangoni. Nikasema, "Mama, nimekosa." Akanikaribisha, akanipa kigoda. Kisha akasema, "Baba, kosa hilo nimelisikia. Sasa kesho uje asubuhi, nikuonyeshe hizo unazoziita taka." Hakunisamehe siku ile. Alinipa kazi.

Nikaja. Tukawaamkia watu mwangaluka, mwangaluka, tukaingia nyumba moja baada ya nyingine, yeye mbele, mimi nyuma na daftari. Kila lundo akanikemea. "Hili ni majivu. Mwenyewe anayapeleka kwenye vitalu vya tumbaku kwa kaka yake, ukiyazoa unamwibia. Haya ni machicha, kuku wa huyu hapa wanayangojea, wewe unayapeleka kwa kunguru. Maganda ya karanga yanawasha moto wa kuchomea vyungu. Samadi hiyo ni ya bustani ya mchicha. Debe bovu hilo si bovu, litawekewa asali." Nilikuwa nimepima vyote hivyo kwa debe, Elia, nikavipangia mikokoteni na mashimo, na nusu yake haikuwa taka mpaka mimi nilipoichanganya. Vilivyobaki vilikuwa vigae, chupa zilizovunjika, vitambaa vibovu, mizoga, na vumbi. Vichache. Tulipovitenganisha, mkokoteni mmoja wa mtaa wetu ukakosa kazi, ng'ombe wake wakanenepa mpaka Hamisi akasema atawaoza.

Nikaenda kwa Bwana Afya. Nikamwambia taarifa yangu ilikuwa ya uongo, na kwa nini. Nilitegemea anivue kofia. Aliwasha kiko, akaniuliza mwanangu alikuwa na miaka mingapi. Kisha akasema, "Andika upya." Nikaandika upya. Tukazibua mtaro, sisi na watu wa mtaa, sepetu bega kwa bega. Hapakuwa na aliyenisemesha siku ya kwanza, siku ya pili wakaanza kunitania. Na kwenye sheria nikaongeza mstari: nyumba yenye msiba isiguswe mpaka wenyewe waite mkokoteni. Mstari ule upo mpaka leo. Vijana wa ofisini hawajui umetoka wapi.

Turudi kwenye ramani yako. Leo nimeiangalia tena, kwa utulivu, na sasa nakupa yale maneno kumi. Umechora stesheni, soko, ofisi, nyumba ya Bwana DC. Kisima hukuchora hata kimoja. Utasema, "Baba, sijafika huko bado, sijui visima viko wapi." Ndiyo, hujafika! Na faini umekwisha kuziandika. Umewezaje kuwatoza faini watu ambao hujui wanakunywa maji wapi? Hata mteremko hukuonyesha. Maji ya mvua hayasomi mishale yako ya buluu.

Sikuambii uichane. Ni nzuri, na nimejivuna, nimemwonyesha hata jirani. Ichukue, lakini ule upande wa nyuma uuache mtupu kwa miezi michache. Ukifika, tafuta nyumba yenye lundo kubwa kuliko zote, bisha hodi, mwulize mwanamke wa pale maana ya kila kitu kilichomo. Atakucheka. Mwache acheke. Watu wa kule, Waha, Wamanyema, watu wa ziwani, wana misiba yao na mambo yao ambayo mimi siyajui, na wewe huyajui, na hayamo kwenye kitabu cha Bwana Afya yeyote. Utayakanyaga mawili matatu, hakuna namna. Siku utakapoyakanyaga, omba radhi kabla mvua hazijaanza.

Na usione haya ya watu wako mbele ya mgeni anayepita na gari. Yeye anapita. Wewe utabaki nao kisima kimoja.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho dirishani, gari likishaanza kuondoka. Nilikuwa nimekwisha kukata karatasi ya bahasha. Lakini nimeisoma yote kwa sauti mbele ya mama yako, naye ameiweka pasi chini, amesema, "Ukimpa kesho, utakuwa umekimbia tena." Ni kweli. Ungeisoma peke yako kati ya watu usiowajua, na mimi ningerudi nyumbani nikijidai nimetubu.

Kwa hiyo nakupa leo, ukiingia tu, jua bado halijazama. Isome chumbani kwako, usiharakishe. Kisha njoo. Rebeka alikuwa dada yako kabla hajawa majuto yangu, una haki ya kuniuliza chochote, hata mara kumi, na una haki ya kunikasirikia, lakini nikasirikie usoni, mwana wane, ningali karibu. Ukishindwa kusema, tutanyamaza wote wawili. Niko nyuma ya nyumba, nimetoa viti viwili. Mama yako anasema chakula atakichelewesha.

Baba yako,
Zakaria